Nyonga Mpya na Sindano Iliyorukwa

Mgonjwa wa baridi yabisi aliyebadilishiwa nyonga Eldoret anaweza kurudi nyumbani Bungoma, na baada ya siku chache akashangaa: nyonga inatulia, lakini vidole na magoti vinawaka. Mara nyingi chanzo si kidonda. Ni ile sindano aliyoambiwa airuke.

Dawa za kibiolojia kama adalimumabu na infliximabu ni protini zinazoizima TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe. Kwenye baridi yabisi kemikali hiyo huzidi na kuchangia kutafuna gegedu. Lakini hiyo hiyo hutusaidia kupambana na vijidudu, wakiwemo wa kifua kikuu. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2017 ulitaka upasuaji upangwe dozi inapoisha nguvu. Adalimumabu huchomwa kila baada ya wiki 2, hivyo mgonjwa hupasuliwa wiki ya 3. Infliximabu ya kila wiki 8, wiki ya 9. Sindano hurudi baada ya siku 14 hivi, kidonda kikiwa kikavu na nyuzi zimetolewa. Methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi, haisimamishwi, ingawa wapo wanaoiacha kwa woga tu.

Je, sindano hizi hupunguza maumivu ya kupasuliwa? Usizitegemee kwa hilo. Maumivu ya siku za kwanza hutokana na misuli iliyokatwa na mfupa uliochongwa; ya kuyatuliza ni ganzi, parasetamoli na mofini. Tanezumabu, kingamwili iliyolenga maumivu ya nyonga na goti zilizolika, haikufika sokoni: viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, na Pfizer wakaachana nayo 2021. Kwa maoni yangu, walichelewa.

Basi sikiliza maumivu yako yako wapi. Vidole vikikakamaa asubuhi, huenda ugonjwa wa zamani umeamka. Mwulize daktari wako lini uanze tena sindano. Nyonga yenyewe ikizidi kuuma, au kidonda kikitoa majimaji, usichome chochote kabla ya kuonwa, hata kama huna homa, kwani dawa hizi zaweza kuificha. Na homa ikija? Huku kwetu, Kitale hata Bungoma, watu huwahi kusema ni malaria. Pima malaria, sawa. Ikipatikana, bado mwonyeshe daktari kidonda.