Mzee Anayekalishwa

Nguvu za mzee hupungua taratibu kwa miaka mingi, lakini maporomoko makubwa huja kwa vishindo. Malaria ya wiki moja, nimonia iliyomlaza hospitalini, nyonga iliyovunjika: kila tukio humwacha chini ya pale alipokuwa, na hata ugonjwa ukiisha, nguvu hazirudi zote. Ndugu husema ni umri. Umri upo, ila kitanda nacho kina sehemu yake, na ni kubwa kuliko tunavyoikadiria.

Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano wazima wa afya walilazwa kitandani kwa wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika kazi nzito ulishuka sana. Watafiti waliwapima tena watu haohao baada ya miaka 30, wakakuta kwamba miongo mitatu ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia uwezo huo kidogo kuliko zile wiki tatu. Kama kijana wa miaka 20 huporomoka hivyo, bibi wa miaka 75 mwenye kisukari ana akiba gani ya kupoteza?

Maradhi sugu huongeza kasi. Mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu hupanda ngazi akahema, akaogopa, akaacha kupanda. Misuli isiyotumika hudhoofika, na misuli dhaifu hudai pumzi zaidi kwa kazi ileile. Baada ya muda anahema akienda chooni tu. Kwa mwenye kisukari hasara ni mara mbili, kwa kuwa misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari itokanayo na chakula.

Hapo familia huingia na huruma yake. "Mama, kaa, utachoka." Maji analetewa, ufagio anapokonywa, supu inachemshwa ili apate nguvu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1994, uliofanywa Boston kwa wazee 100 dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika makao, wenye wastani wa miaka 87, ulionyesha kuwa lishe ya ziada peke yake haikuwaongezea nguvu. Waliofanya mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki kwa wiki 10, nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya jaribio lililohusisha Wamarekani 1,635 wa miaka 70 hadi 89. Kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi, asilimia 35.5 ya waliopewa mafunzo ya afya tu walifikia hali ya kushindwa kutembea mita 400. Kwa waliofanya mazoezi ilikuwa asilimia 30.1. Mazoezi huchelewesha anguko; hayalifuti.

Ila kuchelewesha kuna thamani yake: ni miaka ya kwenda msalani bila kushikwa mkono. Mgonjwa mzee hurudishwa nyumbani na mfuko wa dawa na agizo la kupumzika. Anapaswa kupewa pia agizo la kunyanyuka kitini mara kadhaa kila siku, kwa kiwango ambacho daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ameona kifua na viungo vyake vinakihimili. Na mtu wa kumsimamia awe yuleyule anayemwambia akae.