Pumu ikibana usiku na hospitali iko mbali: jinsi ya kutumia pampu

Ukiishi Nyandira, Bunduki au Kolero, pumu ikikubana saa nane usiku, safari ya kufika kwenye oksijeni ni ndefu. Wakati wa masika, barabara za Uluguru huteleza hadi bodaboda wengine hukataa kushuka. Kwa hiyo matibabu ya kwanza ni yale yatakayofanyika nyumbani, na anayeyafanya ni wewe, mama, kaka au jirani.

Pumu inapobana, misuli inayozunguka njia za hewa hujikaza, kuta zake huvimba na makohozi huongezeka. Salbutamoli, dawa iliyomo kwenye pampu ambayo mara nyingi ni ya bluu, hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache. Vidonge vya salbutamoli hupitia tumboni kwanza. Huchelewa, na hutetemesha mwili zaidi. Kwa dharura, tumia pampu.

Maneno ninayoyasikia sana vijijini ni kwamba "pampu inazoesha" au kwamba ni dawa ya mwisho kabla ya kufa. Si kweli, na imani hiyo huwafanya watu waifiche kabatini mpaka mgonjwa hawezi tena kuvuta hewa.

Shida nyingine ni namna ya kuivuta. Ukiipulizia moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga ulimi na koo. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, iwe safi. Toboa kitako chake kwa kitu cha moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, kisha ziba mianya kwa gundi au plasta. Hakikisha hakuna vipande vya plastiki ndani. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti kwa watoto waliobanwa na pumu: chupa ya namna hiyo, iliyozibwa vizuri, ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Kikombe cha plastiki nyepesi hakikufua dafu. Tengeneza chupa yako leo mchana, si usiku wa shida. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji kifaa chenye barakoa, kiulizie kituoni.

Pumu ikianza, mkalishe mgonjwa wima, usimlaze, na mtoe kwenye moshi wa kuni. Tikisa pampu, ichomeke kitakoni, naye abane midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi taratibu mara nne humo humo. Tikisa, bonyeza tena. Ukifikisha mibonyezo minne, subiri dakika nne. Kama hakuna nafuu, rudia minne mingine. Kosa ninaloliona zaidi ni kubonyeza mara nne mfululizo halafu kuvuta mara moja; dawa nyingi hubaki kwenye plastiki. Mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio, usiogope, hupita.

Baada ya awamu ya pili bado anahangaika? Anzeni safari, mkiendelea na minne kila dakika nne njiani. Usisubiri awamu hizo ziishe kabla ya kutafuta usafiri kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, anasinzia, au ulimi na ndani ya midomo vimegeuka bluu (kwenye ngozi yetu nyeusi angalia hapo). Kifua kilicholia kama filimbi kikinyamaza huku mgonjwa amechoka, hiyo ni hatari kubwa, si nafuu. Najua kwetu Uluguru mjomba ana sauti kubwa kwenye mambo ya ukoo. Mpigieni simu mkiwa tayari barabarani.

Bebeni pampu, na mwelezeni mhudumu mmebonyeza mara ngapi na tangu saa ngapi.

Hata akipata nafuu nyumbani, aende kituoni kesho yake. Salbutamoli hulegeza misuli lakini haiondoi uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri watu wazima na vijana kutegemea salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe. Anayetafuta pampu ya bluu karibu kila siku, pumu yake haijadhibitiwa.

Pampu nyingi zina mibonyezo 200. Kama haina kihesabio, andika tarehe uliyoianza na weka alama kila unapotumia, maana inaweza kuendelea kutoa hewa wakati dawa imekwisha. Iliyokaa muda mrefu bila kutumika, ipulizie hewani mara mbili kwanza. Chupa ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe bila kuifuta, dawa isije ikanata ukutani.