Kabla hujakodi kamera, jua nani ataitazama hiyo video

Ngoma iko tayari, umebana matumizi miezi sita na una elfu 60 mkononi. Dairekta anakuambia anataka gari la kukodi, mabinti wanne na droni. Tulia kwanza, msanii. Muulize hivi: hii video anaitazama nani?

Usinijibu "kila mtu". Hakuna hip-hop ya kila mtu. Kijana wa Kayole anayetazama kwa simu ndani ya matatu, jua limepiga kioo na bando linaisha, si sawa na mwanafunzi wa hosteli mwenye Wi-Fi ya bure. Ile sini yako ya giza na moshi, huyo wa Kayole anaona uso wake tu kwenye skrini.

Kama ushawahi kutoa video, anzia YouTube Studio. Ni ya bure na ni yako tayari. Inakuonyesha umri wa watazamaji, nchi zao na saa wanazoingia, lakini utamu uko kwenye mchoro wa watu wanabaki hadi wapi. Mimi chuo niliacha, ila mchoro huo nausoma kama jedwali la ligi. Ukiporomoka sekunde ya 12, rudi utazame kuna nini hapo. Mara nyingi ni nembo ya kampuni ya video, kisha wewe ukishuka garini polepole kama waziri. Ukipanda ghafla, watu wanarudia hapo: labda ni mstari mmoja mkali, labda ni staili ya kudansi. Pesa ya shuti ielekee huko.

Huna video? Weka sekunde 30 za ngoma kwenye status ya WhatsApp na TikTok, kisha toka nje. Nenda stejini uongee na makanga wa nganya zenye skrini. Hao wanaona kila siku ni video gani inafanya abiria ainue macho kutoka kwa simu. Usimuulize mtu "umeipenda?" maana atasema ndiyo ili uende zako. Muulize, "Ukisikia hii biti, unaona wapi?" Wengi wakikuambia usiku, mvua, foleni ya Jogoo Road, kwa nini uwapeleke Diani? Na mabeste wako usiwahesabu. Hao watashangilia hata ukikohoa.

Mwaka 2018 Ethic kutoka Umoja walitoa Lamba Lolo, na vijana waliona mtaa wao kwenye video. Hakuna jumba la kifahari lingewapa hiyo.

Ila mistari usiiandike kwa kura, maze. Kalamashaka walipotoka Dandora miaka ya 90 hawakuomba ruhusa ya kurap kwa Sheng. Utafiti unakusaidia kuchagua mahali, mwanga na sekunde kumi za kwanza. Ujumbe ni wako.

Umri nao uutazame vizuri. Kama wengi wanaokufuata bado wako sekondari, kumbuka bodi ya KFCB, iliyopiga marufuku Takataka ya Alvindo mwaka 2019 ichezwe hadharani.

Halafu rudi kwa bajeti. Droni inahitaji kibali cha KCAA, na kama hakuna aliyekutajia anga, itoe. Gari pia. Hiyo pesa mpe mtu wa taa na uongeze siku ya pili ya kushuti. Dairekta akinuna, mwonyeshe ule mchoro.