Kwa nini nyuso za watoto hupotea kwenye picha za Idi? Jua la Bujumbura na namna ya kulikabili

Asubuhi ya Idi katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, watoto hutoka nyumbani wakiwa na kanzu mpya, kofia zilizofuliwa zikanyooka, magauni ya rangi kali na viatu ambavyo bado vinabana. Swala ikimalizika, simu hutolewa mifukoni. Mtoto husimamishwa mbele ya ukuta au kando ya barabara, huambiwa atulie, na picha hupigwa. Kabla ya jioni, picha hiyo imekwisha kumfikia shangazi aliyeko Kigoma, baba mdogo aliyeko Ubelgiji na bibi aliyeko Kanada. Mara nyingi jibu linalorudi ni swali: mbona uso hauonekani?

Kanzu inang'aa, anga limegeuka jeupe, na uso wa mtoto umebaki kivuli chenye macho mawili yaliyofinywa. Wengi huilaumu simu. Hata hivyo, simu si mkosaji mkuu. Yanayohusika ni mambo mawili: saa ambayo picha imepigwa, na jinsi kamera inavyoupima mwanga. Yote mawili yana dawa, na dawa yenyewe haihitaji fedha.

Jua la utosini

Ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni kuhusu kuwapiga picha watoto nje ya nyumba umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hasa kwa majira ya machipuko, yaani miezi ya Machi hadi Mei, baridi inapoondoka na miti kuchanua. Huko, jua la Aprili halifiki juu ya utosi hata wakati wa adhuhuri, na jioni yake ni ndefu: mwanga laini hukaa muda mrefu kabla ya giza kuingia.

Bujumbura iko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya kichwa. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo huangaza paji la uso na ncha ya pua, kisha huacha giza machoni na chini ya kidevu. Mtoto akivaa kofia, kivuli chake humeza nusu ya uso. Idi el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, na ya mwaka 2025 ikawa mwishoni mwa Machi; kwa hiyo picha nyingi za sikukuu za miaka hiyo zilipigwa katika kipindi ambacho jua linakaribia kusimama wima.

Jambo la pili ni kasi. Karibu na ikweta, jua hupanda nyuzi 15 hivi kwa kila saa. Linachomoza karibu na saa 12 asubuhi, na kufikia saa 3 limekwisha kufika nusu ya safari yake ya kwenda juu. Jioni hali ni ileile kinyumenyume. Tena Bujumbura imebanwa na milima pande mbili: ile ya Mumirwa upande wa mashariki huchelewesha miale ya kwanza, na ile iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, hulificha jua kabla ya machweo yenyewe. Mwanga wa dhahabu ambao vitabu vya upigaji picha huusifu upo, lakini hapa ni wa kupita upesi.

Machipuko ya Bujumbura

Je, mji huu hauna majira yake ya machipuko? Kwa kalenda ya Ulaya, hauna. Lakini unacho kitu kinachofanana nayo. Kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi huacha hewani vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na milima ya ng'ambo ya ziwa hufifia hadi kutoonekana. Mvua za kwanza zinaposhuka, kati ya Septemba na Oktoba, husafisha hewa. Nyasi hurudi kuwa kijani, majani ya miembe huoshwa vumbi, na milima hujitokeza tena. Katika masika pia, hasa Machi na Aprili, saa moja au mbili baada ya mvua huwa na hewa safi ya aina hiyohiyo.

Mawingu mepesi yanayobaki baada ya mvua ni msaada mkubwa kuliko kifaa chochote cha dukani. Huutawanya mwanga wa jua, vivuli vikali hupotea, na mtoto hahitaji kufinya macho. Siku ambayo wengi huona kuwa haifai kwa picha kwa sababu ina mawingu, mara nyingi ndiyo siku bora.

Kanzu nyeupe na kamera inayodanganyika

Kamera haijui kwamba inamwangalia mtoto. Kazi yake ya kwanza ni kupima kiasi cha mwanga kilichomo katika picha nzima na kukileta kwenye wastani: si cheupe mno, si cheusi mno. Sehemu kubwa ya picha ikiwa ni kanzu nyeupe, ukuta uliopakwa chokaa au anga tupu, kamera hudhani kuwa mwanga umezidi, nayo huupunguza kila mahali. Kanzu husalimika, uso wa kahawia ulio juu yake huzama.

Tatizo hilo lina historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha za rangi zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kadi hizo zilimwonyesha mwanamke wa Kizungu, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha picha iliyo sahihi. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, nchini Kanada, ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri pichani, yalivyochangia kuifanya kampuni hiyo iboreshe filamu zake. Simu za leo zimepiga hatua, lakini nyingi bado zina kipengele cha urembo ambacho hulainisha ngozi na kuifanya iwe nyeupe zaidi. Mzazi anayetaka picha ya mwanawe alivyo hana budi kukizima kabla ya kuanza.

Baada ya hapo, kubonyeza kidole kwenye uso wa mtoto katika kioo cha simu huiambia kamera ipime mwanga hapo, si kwenye kanzu. Katika simu nyingi hutokea alama ndogo ya jua. Kuisogeza juu huongeza mwanga, kuishusha huupunguza. Kanzu ikianza kupoteza mikunjo na taraza zake, mwanga umezidi. Na kabla ya yote hayo, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini: mafuta ya vidole na vumbi la mfukoni ndiyo yanayozifanya picha nyingi zionekane kama zimepigwa katika ukungu.

Kivuli chema

Pale ambapo haiwezekani kusubiri, kama ilivyo siku ya Idi au siku ya arusi, kinachofaa ni kivuli. Si katikati ya kivuli, bali ukingoni mwake: mtoto asimame ndani ya kibaraza au chini ya mwembe, hatua moja kutoka kwenye jua, akitazama upande ulio wazi. Mwanga wa anga humfikia usoni bila kumchoma macho. Ardhi na kuta nazo hurudisha mwanga: ukuta mweupe ulio mbele ya mtoto humwangaza, udongo mwekundu humtia wekundu, na majani mazito humpa ngozi kivuli cha kijani. Shuka jeupe likitandazwa chini, mbele ya miguu yake, huyaangaza macho yaliyokuwa na giza.

Kwa watoto wachanga, kivuli ni sharti. Madaktari wa watoto hushauri kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 asiwekwe kwenye jua kali, hata kwa dakika chache za picha.

Urefu wa mpiga picha nao una maana yake. Picha iliyopigwa na mtu mzima aliyesimama huonyesha utosi mkubwa na miguu mifupi. Anayepiga magoti hadi macho yake yalingane na ya mtoto hupata uso. Ni vizuri pia kurudi nyuma hatua mbili au tatu, kwa kuwa kamera ikikaribia mno huikuza pua na kuyabana masikio. Na mtoto wa miaka 2 hatulii kwa kuamriwa. Hutulia akiwa na shughuli. Apewe embe, kikombe cha maji au jiwe la kutupa dimbwini, kisha kitufe kishikwe ili simu ipige picha nyingi mfululizo, kama ina uwezo huo. Moja kati ya kumi itatosha.

Ziwa si studio

Familia nyingi hupenda kushuka ufukweni jumapili alasiri, kwa sababu machweo ya Ziwa Tanganyika ni mazuri. Ila saa ya mwanga mzuri ndiyo hiyohiyo ambayo viboko huanza kutoka majini kwenda malishoni, na viboko huonekana mara kwa mara kwenye fukwe za Bujumbura. Mamba pia wamo, hasa kuelekea mdomo wa mto Rusizi. Maji ya ziwa yalipopanda na kufurika mwaka 2024, sehemu za ufuo zilizozoeleka zilibadilika.

Mpiga picha hutazama kioo cha simu, hatazami maji. Kwa sababu hiyo, mtu mzima wa pili anahitajika kusimama kati ya mtoto na ziwa, mtoto asipewe mgongo wa maji akiwa ukingoni, na shughuli yote imalizike jua likiwa bado linaonekana. Mjini nako, ni busara kuepuka kupiga picha karibu na kambi za jeshi, vituo vya polisi na majengo ya serikali, hata kama lengo ni mtoto tu.

Picha ikishatumwa

Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa, iwapo kipengele cha mahali kimewashwa. Sare yenye jina la shule au namba ya nyumba inayoonekana nyuma husema mengi kwa mtu asiyejulikana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao unasema hivyo katika kifungu cha 10. Kwa lugha nyepesi: picha ya mtoto aliye uchi akioga mvuani isiwekwe hadharani, na mtoto wa jirani asipigwe picha ikasambazwa bila idhini ya wazazi wake.

Hata hivyo, picha inayostahili kufichwa machoni mwa wageni inastahili pia kutunzwa. Burundi ni nchi ambayo watu wengi walikimbia makwao mwaka 1972, wakakimbia tena 1993 na 2015, na anayekimbia usiku hachukui albamu. Simu nayo huibwa, huanguka majini, hufa. Picha mbili au tatu kwa mwaka zikisafishwa kwenye karatasi, nakala moja ikabaki nyumbani na nyingine ikapelekwa kwa ndugu anayeishi mbali, mtoto atakuwa na utoto wake mahali pawili. Nyuma yake yaandikwe, kwa penseli ili wino usipenye, mambo matatu: jina, mahali na tarehe.