Pete ya Baba Watoto

Mama ninayemweleza hapa ameomba asitajwe jina, na mume wake amekubali habari hii itoke kwa sharti hilo hilo. Nilimkuta Kilosa kwa mama yake mzazi, anapepeta mchele. Kwake hasa ni Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako huwapikia madereva wa malori yaendayo Tunduma na Zambia. Mume wake naye ni dereva.

"Safari moja alirudi na pete," aliniambia. "Pete kubwa, ina bikari na skwea, na katikati herufi G. Nikamwuliza, baba watoto, hii ni nini? Akasema ameipenda tu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutoka nje kila simu inapolia."

Mwingine angefikiri hawara. Yeye alifikiri Freemason, na si ajabu. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, wapo waliosema hadharani kwamba Freemason wanahusika. Siku hizi mtu akijenga nyumba, Freemason. Akinunua gari, Freemason. Bibi zetu wa Morogoro walikuwa na mumiani wao, na katika milima ya Uluguru, enzi za ukoloni, hata mapadri wa Kizungu walishukiwa kuwinda damu za watu. Hofu ni ile ile, imebadili nguo.

Mama huyu alibatizwa Mwanglikana na alikuwa katika umoja wa akina mama. Alipompelekea mchungaji wake habari ya pete, aliambiwa waombe, basi. Aliona ni jibu jepesi mno. Jirani akampeleka kwa mhubiri mmoja aliyefundisha alama za siri kila Jumatano: jicho ndani ya pembetatu, nyota, vidole viwili. Akahamia huko. Nyumbani akaanza kusaka. Alichoma kanga yenye mapambo kama macho, akachana kalenda ya ukutani, hata akafika kwenye mkoba wa binti yake wa kidato cha pili. Mle akakuta mkebe wa hesabu, na ndani ya mkebe, bikari. Aliutupa chooni, zikiwa zimebaki wiki mbili mtihani uanze.

"Mtoto alilia sana," alisema. "Mimi nikadhani ni pepo linalolia."

Ukweli ulijitokeza usiku mmoja mume aliporudi safari, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akampa mkewe simu asome mwenyewe. Hakuwa amejiunga na kitu chochote. Alikuta namba imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, akapiga, akaambiwa atume ada ya fomu, halafu ada ya kiapo, halafu ada ya kufungua sanduku la fedha zake, na anunue pete ili atambulike. Pete aliinunua kwa machinga. Kila akitaka kuacha alitishiwa kwamba mtoto wake atakufa. Alikuwa ametuma shilingi 1,350,000. Mkewe naye akakiri kwamba mafuta na maji ya upako yalikuwa yamekula 400,000 kutoka katika akiba ya shule. Walipiga hesabu pamoja, kila mmoja akimwonea haya mwenzake.

Dada, Freemason wapo kweli. Umoja wao wa kwanza uliundwa London tarehe 24 Juni 1717. Dar es Salaam wana jengo lao, na kiongozi wao Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekulia Bukene, Tabora. Viwanda vyake vilitaifishwa mwaka 1967, kisha akaongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, lile la unga wa NMC. Alifariki mwaka 2017. Hakuficha uanachama wake. Bikari na skwea ni vifaa vya waashi wa mawe, na ndiyo maana huitwa wajenzi huru. Mwanamume anayetaka kuingia ni lazima aseme anaamini kwamba Mungu yupo, apendekezwe na wanachama, na ada hulipa yeye. Hakuna mgao wa utajiri, wala hawaandikishi watu kwa namba za nguzoni. Lile jicho ndani ya pembetatu nalo lilichorwa makanisani Ulaya kabla ya 1717, kuonyesha Mungu wa Utatu aonaye yote.

Sisemi kwamba Mkristo ajiunge. Papa Klementi wa XII alikataza mwaka 1738, na Vatikani ilirudia katazo hilo Novemba 2023. Kanisa la Uingereza nalo liliona mashaka makubwa mwaka 1987. Sababu zao ni viapo vya siri na kuwaweka waumini wa dini zote chini ya jina moja, Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, kana kwamba Kristo ni jambo la pembeni. Hizo ni sababu za imani, mtu anaweza kuzipima. Bikari ya mtoto haimo.

Mchungaji mzee wa Kilosa, rafiki wa mama yake, alimfungulia Wakorinto wa Kwanza, sura ya 10, pale Paulo anapowaambia wanunue nyama sokoni bila kuulizauliza. "Mwanangu," alimwambia, "ile bikari ni ya kuchorea duara."

Amerudi kanisani kwake, ingawa hukaa nyuma. Anasema zamani alisali kwa mazoea, baadaye kwa woga, na sasa hajui aite nini, ila analala. Mhubiri yule hamchukii. "Kule walinishika mkono nilipolia," alisema. Mimi nilinyamaza, maana kanisa lake lilimpa sentensi moja tu, na hakuna aliyekuja kubisha hodi.

Mume hajaanza kwenda kanisani. Pete ameitupa.

Binti aliazima bikari ya mwenzake siku ya mtihani, akafaulu. Mama amemnunulia mkebe mpya. Binti ameupokea kwa adabu, akashukuru, na anauweka Kilosa kwa bibi yake.