Fimbo Iliyoshikwa na Watu wa Akili

Mara nyingi husemwa kwamba katika historia ya Uislamu watu wa akili walionewa na watu wa mapokeo. Tukiyachungua yaliyotokea Baghdad katika karne ya 9, twaona kuwa walioanza kushika fimbo ni wale waliojivunia akili.

Hao ni Muutazila, mabingwa wa Ilmul Kalam, yaani elimu ya kuzithibitisha itikadi za dini kwa hoja. (Kalam hapa ni maneno, si kalamu tuandikiayo.) Chimbuko lao ni Basra. Walichelea kuweka kando ya Mungu kitu kingine kisicho na mwanzo. Kwa hiyo wakasema Kurani iliumbwa.

Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, aliyependezwa na rai hiyo, aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe. Wengi walikubali, baadhi yao kwa hofu tu. Ahmad ibn Hanbal alikataa. Akafungwa, na zamani za al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Khalifa al-Mutawakkil alipoukomesha mtihani huo, miaka kama 15 baadaye, Ibn Hanbal alikuwa shujaa wa umma, na Kalam ilikuwa imechafuka jina.

Aliyeiokoa alitoka miongoni mwa Muutazila wenyewe: Abul Hasan al-Ash'ari wa Basra. Husimuliwa kwamba alimwuliza mwalimu wake, al-Jubbai, habari za ndugu watatu waliokufa: mchamungu, kafiri na mtoto mdogo. Mwalimu akajibu kwamba wa kwanza yu peponi, wa pili yu motoni, na mtoto hana thawabu wala adhabu. Je, mtoto akilalamika kuwa hakupewa umri wa kutenda mema? Ataambiwa kuwa Mungu alijua angekua angekufuru, akamfisha mapema kwa heri yake. Basi, akauliza al-Ash'ari, yule wa motoni akilia, mbona na yeye hakufishwa utotoni? Mwalimu akanyamaza.

Hata kama kisa hiki kilitungwa baadaye, uzito wake haupungui. Al-Ash'ari hakuitupa akili, bali aliionyesha mpaka wake. Alirejea kwenye itikadi ya Ibn Hanbal, akaitetea kwa silaha za Muutazila. Itikadi yake ilienea sana kwa Mashafii, wakiwamo wa pwani ya Afrika Mashariki. Lakini wengi wa wafuasi wa Ibn Hanbal, ambao ndio aliotaka kuwatetea, hawakumwamini.