Kompyuta Inaposema Haina Diski

Ndugu mwanafunzi, umeamua kupiga Windows upya kwenye kompyuta ya mtumba. Umechomeka flashi, umefuata maelekezo, mara kioo kinakuambia hakuna diski ngumu iliyopatikana. Wengi hapo huamua kwamba diski imekufa, wakaanza kutafuta fedha ya kununua nyingine. Subiri kwanza. Kabla hujapanda daladala kutoka Bigwa kwenda kwa fundi mjini, yapo mambo ya kutazama mwenyewe.

La kwanza ni hili: je, bayosi inaiona diski? Bayosi ni programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, nayo huamka kabla ya Windows. Washa kompyuta huku ukibonyeza F2 au Delete (hutegemea mashine), utafute orodha ya diski.

Kama bayosi haiioni, basi shida iko kwenye vifaa. Zima, chomoa umeme, fungua boksi. Diski ya SATA ina waya mbili: mwembamba wa data wenye pini 7 na mpana wa umeme wenye pini 15. Zichomoe, pangusa vumbi, zirudishe. Kisha jaribu waya mwingine na tundu jingine. Diski ikigongagonga kwa ndani na ina kazi zako muhimu, izime. Kila dakika inayozunguka inazidi kujiharibu, na hapo fundi ndiye wa kutafutwa.

Kama bayosi inaiona, diski huenda ni nzima, ila programu ya kusakinisha haina draiva, yaani mkalimani wa kuzungumza nayo. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, haikuja na draiva ya AHCI, ambayo ndiyo namna diski za SATA zilivyokuja kuendeshwa. Mafundi walilazimika kubonyeza F6 na kuweka flopi yenye draiva, au kubadili AHCI kuwa IDE ndani ya bayosi. Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014, lakini tatizo lenyewe halikwenda nayo. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020, huficha diski nyuma ya kitu kiitwacho VMD. Dawa yake ni kupakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kuifungua ikiwa imebanwa, kuiweka kwenye flashi, kisha kubofya "Load driver" pale unapotakiwa kuchagua diski. Wengine huizima VMD ndani ya bayosi. Lakini kama ndani mna Windows unayotaka kuitunza, usiguse mpangilio huo ovyo, kwani inaweza kukataa kuwaka.

Betri ya duara kwenye madabodi, ile ya volti 3, nayo ina vituko. Ikiisha, umeme ukikatika bayosi husahau mipangilio yake, na diski iliyoonekana jana leo haionekani.

Diski ikishajitokeza, usikimbilie kuifuta. Flashi yako nayo imo kwenye orodha ile ile. Soma ukubwa: diski ya GB 500 huandikwa kama 465, flashi ya GB 16 huandikwa kama 14 hivi. Na kama mna masomo au picha za nyumbani, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, uvinakili kwanza.